MREJESHO: Modeli ya uchakavu wa mtikisiko (vyuma vilivyogusana vikilana kwa kuteleza kidogo kidogo), pini ya pampu (Tanga)

Wakuu, niliuliza kwa nini shinikizo kwenye modeli yangu ya kompyuta (silinda ya chuma ya nusu kipenyo 6 mm juu ya bapa) linaruka kati na pembeni kama meno ya msumeno. Imetulia.

Kosa lilikuwa kuruka mizunguko 2000 kwa hatua, yaani kukokotoa mzunguko mmoja kisha kuzidisha uchakavu wake mara 2000. Kanuni ya uchakavu ya Archard: kina kinacholika = k (kipimo cha wepesi wa kulika) × shinikizo × mtelezo. Kwa k ya 10⁻⁸ mm²/N, MPa 500 na mtelezo wa 0.1 mm, kila mzunguko unakula nanomita 0.5; hatua moja maikromita 1. Lakini mwinuko wa silinda kwenye ukingo wa mguso ni maikromita 0.22 tu! Kati panachimbika, mzigo unahamia pembeni, hatua inayofuata unarudi. Sasa naruka 50, na elementi (vipande ninavyogawia modeli) ni za maikromita 10. Kovu la uchakavu likipanuka na shinikizo kushuka, naongeza mizunguko ya kuruka.

Angalieni pia: mtikisiko wa ±25 maikromita ni mtelezo wa maikromita 100 kwa mzunguko (kwenda na kurudi), si 50. Hapo wengi tunateleza wenyewe.

Unga mwekundu wa chuma kilicholika na kushika kutu, unaonaswa katikati bado haumo kwenye modeli.