Crown Athlete: 2.5 inatosha au nijibane nichukue 3.5?

Mfuoni:
Assalaam alaykum wanajamvi.

Nna jambo linaninyima usingizi na nyumbani washachoka kunisikiliza. Naagiza Toyota Crown Athlete kutoka Japani, umbo la S210, lile lililotoka mwisho wa 2012. Anayeniagizia kanitumia mbili, zote za 2014, zote nyeupe ya lulu. Ya kwanza ni injini ya lita 2.5, nguvu za farasi 203, gia sita, mnadani imepewa alama ya 4. Ya pili ni 3.5, farasi 315, gia nane, imepewa 4.5. Tofauti ya bei mpaka gari itoke bandarini Malindi, unanunua Vespa mbili zilizotumika na unabakisha ya mafuta.

Matumizi: kila siku Fuoni mpaka Mlandege, na foleni ya Mwanakwerekwe mnaijua. Mwisho wa wiki Makunduchi kwa bi mkubwa. Magoti yanamsumbua, kwa hivyo kiti cha nyuma chenye nafasi kwetu si anasa. Mara moja moja Nungwi na wanangu.

Pesa ya 3.5 ninayo nikijibana, si ya mkopo. Kinachonitia shaka ni baada ya hapo. Rafiki yangu kaniambia mtu mzima hanunui Crown ya 2.5. Mke wangu nilipomuonesha picha kauliza jambo moja tu, ipi inayotoa baridi mpaka nyuma.

Walionazo wanisaidie. Wenye kuziona kwenye simu tu, leo nawaomba radhi.

Turbo_Darajani:
3.5 yakhe, hakuna mjadala. Ukichukua 2.5, kila ikikupita 3.5 pale Michenzani utaitizama mpaka ipotee. Pesa unayo, ushauri wa nini tena?

Karafuu_Wete:
Turbo, petroli utamnunulia wewe?

Ami Mfuoni, mie nakuuliza, hizo farasi 315 utazikimbizia wapi? Kwenye makaazi ya watu mwisho ni 50 kwa saa. Ukenda Makunduchi, pale Jozani kuna matuta kwa ajili ya kima punju, gari ikishaanza kuchanganya unakutana na tuta jengine. Na gari za soko la Japani zimefungwa zisivuke 180, hiyo ya 2.5 na hiyo ya 3.5, kwa hivyo mwendo wa mwisho unanunua ule ule. Utakachozidisha ni kuondoka kwa kasi na kuipita daladala bila ya kupiga hesabu. Sikatai, ni tamu. Ungekuwa Bara, unatoka Dar kwenda Arusha, ningekaa kimya.

Halafu ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima ya njiani, na kodi nyengine zinapandia juu ya hapo. Kila dola unayoongeza mnadani, huku inazaa. Ukikata bima kubwa nayo inakwenda kwa thamani ya gari, mwaka hadi mwaka.

Mfuoni:
Karafuu, hizo Vespa mbili nimezihesabu na kodi ndani yake. Naogopa gereji. Naambiwa 3.5 ikianza kuumwa hata fundi anakukimbia.

Fundi_Kwerekwe:
Waalaykum salaam. Hayo ni maneno ya barazani. Hizi gari nazifungua kwa mikono yangu, kwa hivyo ntasema nnachokiona boneti ikiwa juu.

Injini zote mbili ni ukoo mmoja, GR. Zote V6, yaani silinda sita, zote zinatumia cheni, hakuna mkanda wa taiming wa kubadilisha. Watu wanadhani 2.5 ndiyo nyepesi isiyo na mambo na 3.5 ndiyo yenye maradhi. Kwenye jambo moja kubwa ni kinyume. 2.5 ni 4GR-FSE. Nozeli zake zinapiga petroli ndani ya silinda moja kwa moja, kwenye njia ya hewa haipiti hata tone. Injini za zamani petroli ilikuwa ikipita juu ya vali za kuingizia hewa na kuziosha. Humu haioshi kitu, na mvuke wa oili unaorudishwa kwenye manifoldi, ile mirija ya kuingizia hewa, unaganda juu ya vali kidogo kidogo. Gari iliyoishi kwenye foleni na safari fupi, ukiivua manifoldi unakuta shina la vali limenenepa kwa masizi meusi, magumu, ukiyakwangua yanabanduka vipande vipande kama ukoko wa sufuria ya wali.

Dalili yake ni hii: unawasha asubuhi, gari ikiwa sailensa, yaani imesimama hujakanyaga mafuta, inatetema, usukani unauhisi mkononi. Siku nyengine taa ya injini inawaka, ukichomeka mashine inakwambia silinda fulani haichomi. Mwenye gari anabadilishiwa plagi, anabadilishiwa koili, pesa inaondoka na mtetemo uko pale pale, kwa sababu hakuna aliyefungua manifoldi.

3.5 ni 2GR-FSE. Hiyo Toyota waliipa mfumo wa D-4S, nozeli 12: sita ndani ya silinda, sita kwenye njia ya hewa. Hizi za njia ya hewa ndizo zinazoosha vali. Sijafungua hata moja nikakuta masizi ya kiasi cha yale ya 2.5.

Lakini usikimbilie kulipa. Nozeli 12 siku ya kusafishwa ni kazi mara mbili. Vipuri vya 2.5 ukiagiza Dar vinakuja na meli ya kesho, kwa sababu Mark X ya 2.5 inabeba injini hiyo hiyo na Mark X zimejaa. Vya 3.5 mara nyingi unasubiri. Pampu ya maji zote mbili huvuja: ukiona ukoga wa rangi ya waridi umekauka chini ya pampu, hiyo ni kulanti ya Toyota, maji ya kupozea injini, usiambiwe ni vumbi.

Sasa nijibu mambo mawili. Fremu ya hiyo 2.5 ni GRS210 au GRS211? Na kwenye karatasi ya mnada alama ya 4 na 4.5 weka pembeni, nisomee herufi zilizoandikwa kwenye mchoro wa gari.

Mama_Bububu:
Mnabishana kuhusu mbili wakati iko ya tatu. Hebu mtizame AWS210, Crown hiyo hiyo ya haibridi, petroli na umeme. Injini ya 2.5 ya silinda nne, na mota, jumla farasi 220, yaani inaizidi hiyo 2.5 yenu ya V6. Na fundi atanisahihisha, lakini hiyo nayo ina D-4S, masizi hayo haina sana. Kwa vipimo vya Japani lita moja ni kilomita 23, wakati 2.5 ni kama 11 na 3.5 haifiki 10. Hivyo ni vipimo vya maabara, kwenye foleni ya Mwanakwerekwe zote zitashuka, lakini haibridi ndiyo inayoipenda foleni, maana ukisimama injini inazima.

Mimi ninayo. Nikitoka asubuhi jirani hajui kama nishaondoka. Mtu wa Fuoni mpaka Mlandege kila siku, V6 ya nini?

Turbo_Darajani:
Dada yangu, gari isiyosikika ni friji.

Mama_Bububu:
Friji linalojaza tangi mara chache kuliko wewe.

Mzee_wa_Sheli:
Vijana, kuna jambo hamjaligusa. Japani petroli ziko mbili kituoni: ya kawaida, oktani kama 90, na ile wanayoiita haioku, karibu 100. Crown hii ya 2.5 imetengenezewa ile ya kawaida, haibridi pia. 3.5 imetengenezewa haioku, na hizo farasi 315 zimepimwa ikiwa inakunywa hiyo. Ukiipa petroli ya chini yake haifi: ina kisikizi kinachosikia injini ikigonga kwa ndani, kompyuta inachelewesha moto wa plagi ili injini ijilinde. Nguvu inapungua, na mguu wako kwa kuikosa ile nguvu unakanyaga zaidi. Mtu analipa ya 315 halafu anaendesha pungufu, na ZURA, wale wadhibiti wa bei ya mafuta, wakitangaza bei ya mwezi yeye ndiye wa kwanza kuguna.

2.5 utaijaza petroli ya kituo chochote, na ile nguvu uliyoinunua utaipata yote.

Dereva_Paje:
Mie napeleka wageni mashamba, Athlete nimeziendesha za mabosi wawili watatu. Injini mtamaliza nyinyi, mie nasema chini. Gari hii iko juu ya ardhi sentimita kama 13 tu. Ukiwa peke yako sawa. Mtie bi mkubwa nyuma na wajukuu, na gunia la muhogo kwenye buti, halafu uje lile tuta lisilopakwa rangi. Utasikia chini inakwangua mpaka meno yanauma.

Na tairi. Rimu za inchi 18 na mpira wake mwembamba wa 45 hazitaki shimo. Ukiingia njia ya ndani ya mawe ya matumbawe, jiwe moja likikaa vibaya unapasua ubavu, na tairi iliyopasuka ubavu haizibwi. 3.5 nyingi zimekuja na rimu hizo, na zenye shokamzoba za AVS, zile zinazobadilishwa ugumu na kompyuta, moja ikivuja usiulize bei ukiwa hujala. Kwa mzee mwenye magoti mie ningetafuta Crown ya Royal Saloon yenye rimu za 16 na tairi nene. Mwili ule ule, upana ule ule wa mita 1.8, lakini inakaa kama kitanda.

Ya mke wako: hizi zote baridi inafika nyuma, ila chagua iliyo na matundu ya hewa katikati ya viti, muulize wakala akupigie picha.

Mfuoni:
Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Dereva, Royal nimeitizama, kwa kweli ule uso wake sijaukubali. Athlete ndiyo iliyoniingiza kwenye balaa hili.

Fundi, nimeuliza. Hiyo 2.5 ni GRS211. Kwenye mchoro chini ya milango wameandika S sehemu mbili, na C nyuma karibu na tairi. Ilikuwa ikiuzwa Hokkaido. Ile 3.5 ni GRS214, herufi nilizoziona ni A mbili na U moja mlangoni.

Fundi_Kwerekwe:
Nilikuwa naisubiri hiyo. GRS211 ni ya magurudumu manne kuvuta, GRS210 ni ya mawili. Mjapani wa Tokyo hana haja nayo, inanunuliwa na watu wa theluji. Kule barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili zisigande, na chumvi hiyo inarushwa chini ya gari miaka yote. S ni kutu. C ni kutu iliyoshakula bati. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, hivyo havina neno, vinapigwa rangi. Unaitoa gari kwenye chumvi ya barabarani unaileta kisiwani kwenye upepo wa bahari. Juu itang'aa lulu, chini mabomba ya breki na mikono ya saspensheni inaliwa. Na mvuto wa magurudumu manne ni mashine ya ziada ya kuitunza, Unguja huna theluji ya kukutoa.

Ndiyo maana ilikuwa rahisi. Sehemu ya Vespa zako ilikuwa bei ya kutu.

Mama_Bububu kasema kweli kuhusu haibridi, na D-4S inayo. Sikuitaja kwa sababu gari ya 2014 betri yake kubwa huwezi kuijua hali kwa karatasi ya mnada. Ingekuwa iko yadi hapa ningekwambia tuichomeke mashine tusome kila bloku. Na dada, hewa inayopoza betri hiyo inatoka ndani ya gari, tundu lake usilizibe na mikoba, na mchanga wa ufukweni ni adui yake.

Kama ni mimi, kwa foleni yako na bi mkubwa wako: 2.5, lakini GRS210, isiyo na S wala C. Ikifika, kabla ya kuizoea, ilete tuvue manifoldi tuzisafishe vali. Ni kazi ya mikono na gasketi tu, haina kipuri kikubwa. Baadae oili usiicheleweshe, na ukenda Makunduchi ikishapata moto iache ipumue kidogo, yaani ikanyage, usiiendeshe kila siku kwa uoga.

Turbo_Darajani:
Kwa hiyo ile 3.5 ndiyo iliyo safi, ina D-4S, na bado mnamwambia asichukue? Nyinyi watu wa ajabu.

Karafuu_Wete:
Hakuna aliyesema mbovu, Turbo. Tumesema foleni.

Mfuoni:
Nimeshampigia wakala, ile GRS211 nimeiacha. Nimemwambia anitafutie GRS210, Athlete, rimu za 17 zikipatikana, na asinitumie picha kabla ya karatasi ya mnada. Nikiletewa haibridi iliyokwishafika hapa yadi, nitampitia Fundi aipime kwanza halafu ndio nifikirie. Tofauti ya pesa nimeigawa: tairi, kusafisha vali, na inayobaki anajua mke wangu.

3.5 moyo unaitaka, siwadanganyi. Lakini kila nikiwaza ile foleni pale Mwanakwerekwe, farasi 315 zinasubiri bajaji ipite...

Turbo_Darajani:
Sawa yakhe, Mungu akujaalie. Namba ya mnada ya hiyo 3.5 nitumie faragha, unafungwa lini?

Mfuoni:
Alkhamis. Andaa na haioku.