Kuvu ya barafuto: ITS 99%, je, ni spishi mpya?

Mkuza_Ukungu: Habari wakuu. Nina koloni tatu kutoka mashapo ya barafuto (mto wa barafu), zimeota kwenye aga ya malti (chakula cha kukuzia kuvu) kwa nyuzi 4 baada ya wiki tano. ITS (kipande cha DNA cha kutambulishia kuvu) inafanana na ya jenasi ya kuvu Pseudogymnoascus kwa 99%. Naweza kuitangaza kama spishi mpya?

Hadubini: Bado. Kwenye jenasi hiyo ITS ni butu, spishi mbili zinaweza kupishana kwa herufi chache tu za DNA. Ongeza vipande vingine vya DNA, yaani LSU, MCM7, RPB2 na TEF1, kisha chora mti wa pamoja wa ukoo. Linganisha na mifuatano ya vielelezo-aina (sampuli rasmi zinazobeba majina ya spishi), si chochote kinachotokea juu ukitafuta GenBank, hifadhidata ya DNA. Mingine huko bado inaitwa Geomyces, jenasi ya awali, ingawa spishi kadhaa zilihamishiwa Pseudogymnoascus 2013. Halafu, koloni tatu za sampuli moja huenda ni kuvu ileile imejirudia. Tafuta sampuli nyingine.

Barafuni: Kabla ya jeni, jiridhishe kwamba haikutoka hewani. Sahani tupu iliyoachwa wazi muda uleule wa kupanda ilikuwa safi? Ukungu wa hewani kama Penicillium na Cladosporium hupenya popote.

Kisha jaribu joto: 4, 10, 15, 20, 25 na 30, sahani tatu kila moja, upime kipenyo kila baada ya siku 7 hadi siku ya 28. Ikistawi zaidi kwa 15 au chini yake na isiote zaidi ya 20, ni mpenda baridi halisi. Ikiota hadi 25, ni mvumilivu tu. Toa sahani moja moja; rundo likikaa mezani, vipimo vya nyuzi 4 si vya nyuzi 4 tena. Na zilaze kifuniko kikiwa chini. Zikitoka kwenye baridi hutoa jasho, tone moja likidondoka hubeba spora, kesho unahesabu koloni kumi.

Mkuza_Ukungu: Asante. Holotaipu (kielelezo-aina kikuu cha spishi) inaweza kuwa ile koloni iliyo hai kwenye friji?

Hadubini: Hapana mkuu, iliyo hai haikubaliki. Kausha koloni, au ihifadhi kwa kuigandisha na kuikausha, na chapisho litamke wazi kwamba imehifadhiwa ikiwa haina shughuli za kimetaboli. Iliyo hai peleka kwenye hazina ya kuvu hai, na ubaki na akiba katika gliseroli 20%, nyuzi -80. Namba ya usajili wa jina chukua kwenye sajili za kuvu, MycoBank, Index Fungorum au Fungal Names, kabla ya kuchapisha. Tangu 2013 bila namba hiyo jina ni batili. Maelezo ya spishi yawe kwa Kilatini au Kiingereza. Kiswahili peke yake, kwa bahati mbaya, hakitoshi.