Historia ya Ukraine iliyoandikwa Toronto: Orest Subtelny alistahili kuwafundisha watoto wa Kyiv?

KipangaMweusi
Wadau, habari za jioni. Tangu vita hii ianze kila mtu amekuwa bingwa wa historia ya Ukraine, lakini ukiwabana wengi wamechota kisima kimoja: kile kitabu kinene cha Orest Subtelny cha 1988. Mzee huyu alizaliwa Kraków 1941, vita ikawasukuma mpaka Marekani, akakulia Philadelphia, udaktari akaupata Harvard 1973, halafu akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha York, Toronto. Amefariki 2016.

Kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza, kikachapwa Toronto. 1991 kikatoka tafsiri yake Kyiv, na walimu wakakikimbilia kwa sababu vitabu vya Kisovieti havikushikika tena. Yaani kitabu cha mtu aliyekulia ng'ambo, alichowaandikia wasomaji wa Amerika Kaskazini, ndicho kikawaambia watoto wa Poltava wao ni nani. Swali: ni sawa? Na tafadhali, msinijibu kwa kumpenda au kumchukia Putin.

Chai Maharage
Diaspora ni diaspora tu mkuu, wa Ukraine au wa kwetu. Mtu hajui hata kilo ya sembe inauzwaje, anatuma dola mia mwisho wa mwezi, basi keshapata leseni ya kufundisha watu uzalendo.

Mswahili wa Toronto
Chai Maharage, hiyo dola mia unayoibeza ndiyo imewasomesha wangapi mtaani kwenu? Asubuhi sisi wasaliti, jioni "kaka nisogezee kidogo". Tuheshimiane.

Na usichanganye mambo. Hawa Waukraine wa huku hawakuwa na njia ya kurudi wala kutuma kitu cha maana, kulikuwa na Wasovieti katikati. Wakajenga vya kwao. Hata leo Jumamosi asubuhi watoto wao wanaburutwa shule ya Kiukraine huku wenzao wako kwenye katuni, wakaririshwe mahetmani, yaani watawala wao wa zamani, na mashairi. Harvard nako walichanga wenyewe! Kampeni ilianzishwa na wanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1950, watu wa viwandani wakatoa, mpaka nafasi ya uprofesa wa historia ya Ukraine ikapatikana 1968 na taasisi ya utafiti 1973. Wewe umechangia nini zaidi ya harusi?

Chai Maharage
Harusi nimechangia, na nyingine ilikuwa ya mwana-diaspora aliyekuja na suti ya kukodi 😂

Binti Pemba
Naomba turudi kwenye mada kabla hamjashikana mashati. Aliyeongoza taasisi hiyo ya Harvard, Omeljan Pritsak, alikuwa bingwa wa lugha na historia ya Waturuki. Utafiti wa udaktari wa Subtelny ulimhusu Pylyp Orlyk, mrithi wa hetmani Mazepa uhamishoni, na namna alivyohangaika kutafuta msaada kwa Khan wa Krimea na kwa Masultani wa Istanbul. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kukariri nyimbo za kanisani. Alikuwa akisoma nchi ile kutokea kusini, upande ambao Moscow haikupenda usomwe. Hilo mnalionaje?

Wakili Msomi
Mimi sina shida na alikoishi. Shida yangu ni kitabu chenyewe. Humo Waukraine ndio wenye nyumba, wengine wote ni wapangaji. Linganisheni na Paul Robert Magocsi, naye wa Toronto hapo hapo, kitabu chake cha 1996: Wayahudi, Wapoland, Watatari, Wajerumani, wote wana sehemu yao kama watu waliozaliwa na kuzikwa pale. Subtelny kaandika historia ya kabila, akaiita ya nchi. Na tusijisahaulishe, ni diaspora hiyo hiyo ya Kanada iliyompigia makofi askari wa Hitler bungeni 2022.

KipangaMweusi
2023, wakili. Septemba. Na waliosimama kupiga makofi ni wabunge wa vyama vyote, Spika ndiye aliyemtambulisha na Spika akajiuzulu. Subtelny alikuwa kaburini miaka saba. Unamshitaki marehemu kwa makofi ya wengine?

Wakili Msomi
Tarehe inabadilisha nini? Yule mzee alipigana kwenye kikosi cha SS. Kipo au hakipo?

KipangaMweusi
Kipo. Na hakina uhusiano na swali langu.

Wakili Msomi
Kina uhusiano mkubwa. Anayechangia ndiye anayeagiza wimbo.

Fundi Kharkiv
Vijana, nimesoma Kharkiv miaka ya 80, uhandisi. Wenzetu wa Kisovieti walilazimika kufanya mtihani wa historia ya Chama cha Kikomunisti hata kama wanasomea mabomba. Njaa ya 1932–33 haikuwamo. Mwenzangu wa chumbani alinihadithia usiku mmoja habari za kijiji cha bibi yake: alifunga mlango kwa ufunguo, akapandisha redio, ndipo akaanza kunong'ona. Mkoa huo huo wa Kharkiv watu walikufa kwa makundi, na mjukuu wao ananiambia mimi mgeni kama anayeiba. Sasa niambieni, nani angeandika kitabu hicho akiwa ndani? Ni Desemba 1987 ndipo Shcherbytsky, kiongozi wa Chama wa Ukraine, alipotamka hadharani kwamba njaa ile ilikuwepo. Kitabu cha Toronto kikatoka mwaka uliofuata. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Chai Maharage
Mzee wangu, shikamoo. Lakini ulikula ruzuku ya Wasovieti, ukalala bweni lao, ukapewa na koti la baridi, leo unawachamba? Kunya anye kuku...

Fundi Kharkiv
Marahaba. Koti nilinunua mwenyewe, sokoni, kwa kubadilisha suruali ya jinzi. Na waliokuwa wakinilisha walikuwa ni hao hao Waukraine unaowazungumzia kama hawapo.

Mswahili wa Toronto
Mzee umemaliza. Ila Chai Maharage bado hajaomba radhi kwa diaspora.

Binti Pemba
Wakili, umekisoma kweli? Subtelny mwenyewe anasema kabisa mwanzoni kwamba anafuata mambo mawili: watu kukosa dola yao kwa karne nyingi, na maendeleo ya kisasa yaliyoletwa zaidi na wasio Waukraine, miji ikawa ya wengine na wao wakabaki vijijini na jembe. Hayo si maneno ya kumpamba mtu. Mpiga debe wa kabila angeyaficha.

Na hili la "aliyekulia nje". Mykhailo Hrushevsky, baba wa historia ya Ukraine, alizaliwa Chełm, ambako leo ni Poland, akakulia Kaukasi, sekondari akasoma Tbilisi. Ndiye aliyeongoza Rada, yaani baraza la kitaifa la Kyiv, 1917. Sura yake iko kwenye noti ya hryvnia 50. Mbona yeye hamumuulizi cheti cha kuzaliwa?

Wakili Msomi
Kuwekwa kwenye noti si hoja, dada. Kwenye noti huwekwa hata tembo.

Binti Pemba
Nimeandika aya mbili umeona noti tu.

KipangaMweusi
Tofauti ipo. Hrushevsky alirudi 1924, akaishia kupelekwa Moscow 1931 na kufa 1934 chini ya jicho la dola. Aliweka mwili wake. Mwingine aliandika akiwa na joto la nyumba Toronto.

Mswahili wa Toronto
Kwa hiyo sharti la kuandika ni kufa? Na joto la nyumba tunalilipia, mnafikiri tunagawiwa?

Fundi Kharkiv
Kipanga, uliuliza kama ni sawa watoto wafundishwe kwa kitabu cha nje. Sasa unauliza kwa nini mwandishi hakuteseka. Chagua moja.

KipangaMweusi
Yote mawili ni yangu, mzee, uzi ni wangu.

Wakili Msomi
Nimejibiwa kila kitu isipokuwa Watatari wa Krimea. Magocsi kawapa nafasi yao, na Stalin aliwahamisha wote 1944. Subtelny kawapa kurasa ngapi? Mwenye kitabu afungue faharasa atuhesabie.

Chai Maharage
Mwenye kitabu? Kumbe tangu jioni hamna mwenye kitabu humu?

Binti Pemba
Ninacho, toleo la 2000. Subirini nifungue.