Tupeane uzoefu: kazi uliyoibomoa na kuirudia mwaka huu

Katibu, Moshono

Wakuu, poleni na majukumu. Jumamosi tulikaa kufunga mwaka wa chama chetu cha wajenzi wa nyumba, na wenzetu wa Moshi walikuja. Mweka hazina akasoma michango, tukatajiwa waliofiwa na waliouguliwa, tukahesabu nyumba zilizofika kupauliwa. Tukapiga makofi, tukala, tukaagana. Njiani kurudi nyumbani nikakosa raha. Kuna hesabu hatukuigusa: kazi tulizovunja kwa mikono yetu na kuzirudia kwa hela zetu. Hizo hakuna anayezitaja kikaoni. Naomba tuziseme hapa, na naanza na yangu.

Mwezi Julai nilimwaga slabu ya kibaraza, yaani paa bapa la zege, kwa mwalimu mmoja mstaafu. Kazi ndogo, mita 4 kwa 2.5, na bimu yake mbele, ile boriti ya zege inayoibeba. Binti yake alikuwa anakuja kuposwa, mzee akaniomba mirunda, ile miti inayoshikilia zege bichi kwa chini, iondoke mapema wageni wapate pa kukaa. Siku ya 8 nikaitoa. Nilijua kabisa kwamba zege la siku 7 lina kama theluthi mbili tu ya nguvu litakazokuwa nazo siku ya 28, tena hapo ni kwenye joto la kawaida. Julai ya Arusha mnaijua, asubuhi mvuke unatoka mdomoni. Zege kwenye baridi ile linakomaa taratibu sana. Mirunda ya chini ya bimu ilitakiwa ikae wiki 3.

Siku mbili baadaye bimu imelegea katikati, na chini yake kuna ufa mwembamba kama uzi. Mwalimu hakuuona. Lipu moja tu ungepotea. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda, nikamwambia, "Shikamoo mwalimu. Hiki kibaraza nakivunja." Akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Marahaba. Vunja." Mifuko 10 ya simenti, kokoto, nondo, siku 9 za vibarua, vyote juu yangu. Posa ikafanyika chini ya turubai. Haya, karibuni.

Fundi Msingi, Kisongo

Pole sana katibu, na ahsante kwa kufungua.

Yangu ni udongo. Niliitwa kiwanja chenye udongo mweusi wa mbuga, kiangazi, ardhi ngumu kama mwamba. Nikachimba msingi sentimita 60, nikaona panatosha. Kosa langu lilikuwa hapo: nilipima kwa sururu, nikasahau masika. Udongo ule ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Nyumba iliyokaa juu yake inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Mwezi Mei ukuta wa jikoni ulikuwa umepasuka kutoka kona ya dirisha hadi kwenye jamvi, ile sakafu ya zege juu ya msingi.

Tulibomoa upande mzima. Safari hii tulichimba hadi tukaupita weusi wote, tukajaza moramu na kuishindilia kidogo kidogo, tukafunga mkanda wa zege chini kabla ya tofali la kwanza. Kwenye udongo ule, siku hizi nachimba shimo moja la majaribio kabla ya kutaja bei. Mteja akigoma kulilipia, nalichimba bure.

Dada Rangi, Pasua Moshi

Yangu fupi. Nilipaka rangi juu ya lipu ya wiki 2 kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anahamia. Ikavimba malengelenge sebule nzima. Nimekwangua siku 4 na mgongo bado unaniuma. Sasa nabandika kipande cha nailoni ukutani jioni, asubuhi nikikuta jasho ndani yake sifungui ndoo.

Mjenzi wa Rau

Mimi nitapingana kidogo na katibu, kwa heshima zote. Mirunda ile uliombwa uitoe. Kwa nini mifuko yote 10 iwe yako peke yako? Tukiendelea kubeba kila kitu, mwisho wa mwaka fundi anabaki na madeni na mteja hajajifunza.

Katibu, Moshono

Mjenzi, nimekusikia. Lakini mwalimu hajui zege linakomaa siku ngapi. Mimi najua. Aliniita kwa sababu najua.

Fundi Zege, Njiro

Hapo nipo na katibu.

Mwaka huu vijana wangu wawili nilionao tangu zamani walikwenda Olmoti kwenye ujenzi wa uwanja wa AFCON 2027. Siwalaumu, kule kuna hela ya kila siku. Nikachukua wapya, nikawaacha wachanganye wenyewe wakati mimi nafunga nondo upande wa pili. Wakapima kokoto kwa beleshi, kila mtu na beleshi lake, halafu wakaongeza maji ili zege liteleze vizuri kwenye toroli. Nguzo tatu. Nilipofungua mbao, ukisugua kwa kidole unatoka na vumbi. Maji yakizidi, yakikauka yanaacha vitundu, na nguvu inaondoka nayo. Nimezivunja zote tatu.

Vijana wale sikuwafukuza, maana hakuna aliyewahi kuwafundisha. Nimetengeneza boksi la mbao la kupimia, moja la simenti, mawili ya mchanga, manne ya kokoto, na maji yanapimwa kwa ndoo. Sasa hivi mmoja wao ndiye anayenikemea mimi nikikosea.

Mpauaji, Kibosho

Msumari wa bati unapigwa mgongoni, si kwenye bonde maji yanakopita. Msaidizi wangu alipiga bondeni upande mmoja wa paa, nami sikupanda kukagua. Mvua ya kwanza ya vuli, kitanda cha bibi kililoa. Nimebadilisha bati 11.

Mfunga Nondo, Sakina

Nimesoma yote na nimeandika na kufuta mara tatu. Yangu sijaibomoa bado.

Nina ghorofa moja naijenga. Mwenyewe yuko Uingereza, anatuma hela kwa kaka yake, na kaka ndiye ananunua. Mchoro unasema bimu ni nondo za mm 12. Zikaja za mm 10. Nikauliza, nikaambiwa, "Fundi, funga tu, tofauti ni mm 2." Nikafunga. Lakini mm 10 ina kama asilimia 70 tu ya chuma cha mm 12. Nimekata karibu theluthi ya nguvu ya kila nondo. Bimu tatu zimeshamwagwa, na juu yake nimepanga kozi 4, yaani mistari minne, za tofali. Tangu ghorofa la Kariakoo lianguke tarehe 16 Novemba 2024 nimekuwa nikiona picha zile, na kila nikipanda ngazi pale site nazikumbuka. Namba ya mwenyewe ninayo. Sijampigia. Naogopa kaka mtu ataninyima malipo ya miezi 2 ninayodai, na watoto wanarudi shule Januari.

Katibu, Moshono

Mdogo wangu, umefanya vizuri kusema. Usipange kozi nyingine hata moja. Jumatatu saa 1 asubuhi nakuja na Fundi Zege, tuangalie mchoro pamoja na tupime vipande vya nondo vilivyobaki. Tukitoka hapo tunampigia mwenyewe tukiwa watatu, wewe ukiongea na sisi tukiwa pembeni. Suala la ada za watoto nimeshaongea na mweka hazina.

Mjenzi wa Rau

Niwekeni wa nne. Napanda basi la alfajiri.