Gumzo la ukoo: Cetshwayo aliangushwa mara mbili

Khadija: Shikamooni wazee wangu. Kitabu cha mwanangu kinasema ufalme wa Cetshwayo wa Wazulu uliishia Ulundi tarehe 4 Julai 1879. Mjomba, ndivyo?

Mjomba Salim: Marahaba. Ulundi alishindwa vita na mji wake ukachomwa moto, lakini ufalme wenyewe ulimalizwa baadaye, tena kwa mikono ya Wazulu. Walipokwisha kumkamata na kumpeleka Cape Town, Waingereza waliikata nchi yake vipande 13, kila kipande wakakikabidhi kwa mtu wao, akiwamo Hamu, nduguye mfalme aliyejisalimisha kwao vita vikiendelea.

Shangazi Zuhura: Salim, umeruka mwanzo. Cetshwayo naye hakuupata ufalme kwa upole. Mwaka 1856, baba yake Mpande akiwa bado hai, alipigana na nduguye Mbuyazi huko Ndondakusuka, karibu na mto Thukela, akamwua pamoja na ndugu wengine na maelfu ya wafuasi, wakiwamo wanawake na watoto waliokwama mtoni maji yakiwa yamejaa. Alitawazwa mwaka 1873.

Kassim: Hata hivyo, Shangazi, hilo halikuwapa Waingereza haki ya kumvamia. Desemba 1878 Bartle Frere, mwakilishi mkuu wa Uingereza huko Afrika Kusini, alimtaka avunje jeshi lake ndani ya siku 30, ilhali kwa Wazulu jeshi lilikuwa ndiyo dola: vijana walitumikia kwa marika, na rika halikuoa mpaka mfalme aliruhusu. Frere huyo ndiye aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa, na Freretown yetu ya Kisauni ina jina lake.

Khadija: Na vita vya Isandlwana je?

Mjomba Salim: Tarehe 22 Januari 1879 Wazulu waliua zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza kwa siku moja. Kwa maoni yangu ushindi ule ndio uliomponza, maana baada ya fedheha hiyo London haikutaka tena kusikia habari ya suluhu.

Shangazi Zuhura: Mimi kinachoniuma ni kurudi kwake. Mwaka 1882 alifika Uingereza, akaonana na Malkia Victoria, na Januari 1883 akarudishwa kwao, lakini kwenye sehemu tu ya nchi, huku hasimu wake Zibhebhu, mmoja wa wale 13 waliokabidhiwa vipande, akiachiwa eneo lake. Tarehe 21 Julai Zibhebhu aliuvamia Ulundi mpya na kuwaua wakubwa wengi wa ufalme, akiwamo mzee Ntshingwayo, jemadari wa Isandlwana. Mfalme alichomwa mkuki, akakimbilia msitu wa Nkandla, na tarehe 8 Februari 1884 akafia Eshowe. Daktari alisema ni moyo. Wengi wa watu wake waliamini ni sumu.

Khadija: Na mrithi wake?

Kassim: Mwanawe Dinuzulu, kijana mdogo bado. Mwaka 1884 aliwaita Makaburu wamsaidie kumpiga Zibhebhu, wakampiga kweli, kisha wakajilipa kwa kumega sehemu kubwa ya ardhi ya Wazulu.