Mbona redio za muziki zinagombania vijana kwa nyimbo zilezile?

sikio_wazi: Wakuu habari zenu, hili jambo linanisumbua muda sasa. Hizi redio ndogo za muziki zote zinasema zinalenga vijana, ila ukihama stesheni unakuta hii inapiga wimbo ambao ile nyingine imetoka kuupiga sasa hivi, jingo (vile viwimbo vifupi vya kutaja jina la stesheni) zinafanana, hadi watangazaji wanapiga kelele za aina moja. Sasa wanashindania nini hasa? Na kijana mwenye muziki wote kwenye simu anafuata nini redioni? Naipenda sana redio ndo maana nauliza.

prodyuza_mstaafu: Mkuu swali zuri. Nimekaa studio miaka mingi, nikwambie tu kinachoshindaniwa sio wimbo, ni muda ambao msikilizaji anakaa bila kuhama. Kampuni zinazoleta matangazo zinataka kijana kwa sababu bado hajazoea bidhaa moja, na meneja wa vipindi anaogopa kitu kimoja tu, kwamba ukipigwa wimbo usiojulikana mtu atabonyeza kuhama stesheni, kwahiyo anarudia uliokwisha kubalika. Hii haijaanza leo. Marekani kule Omaha familia ya Todd Storz ilinunua stesheni ya KOWH mwaka 1949, jamaa akaona watu wanapenda kusikia wimbo uleule tena na tena, akajenga vipindi juu ya hilo, na huko ndo mtindo wa Top 40, yaani kurudiarudia nyimbo chache zinazopendwa zaidi, ulikotokea. Ulifanya kazi kwelikweli, hata pale televisheni ilipokuwa inawachukua wasikilizaji wa redio. Ila stesheni moja ikirudia inashinda, zikirudia zote basi zinagawana watu walewale.

mawimbi_huru: Hapo kwenye kuogopa wimbo mgeni ndo wanapofeli mimi naona. Angalieni Uingereza, BBC ilikuwa inapiga pop kidogo mno, tena masaa ya kupiga santuri yalikuwa na kikomo kwa makubaliano na kampuni za santuri na chama cha wanamuziki, 1964 ikaja Radio Caroline inarusha matangazo kutoka kwenye meli baharini na vijana wakahamia huko. Serikali ikatunga sheria ya kuzibana hizo redio za melini, ikaanza kutumika Agosti 1967, lakini kiu ya vijana haikuisha kwa sheria, tarehe 30 Septemba mwaka huohuo BBC ikafungua Radio 1 na sauti ya kwanza ya didjei ilikuwa ya Tony Blackburn, ambaye alitokea kwenye hizohizo meli!! Yaani walishinda kwa kutoa kilichokuwa hakipo. Leo kisichokuwepo ni wimbo wa dogo wa mtaa wa pili ambaye hata mtandaoni hana wafuasi, huyo redio kubwa haitampiga. Redio ndogo inaweza, na inaogopa.

dogo_wa_jioni: Mimi ndo huyo kijana mnayemjadili 😀 nyimbo mpya nazipatia TikTok na YouTube, redioni namfuata mtu. Kuna mtangazaji wa jioni anapiga voisi noti zetu hewani, anajua leo watu wamemaliza mitihani, akikosea jina lako anarudia kulitamka vizuri. Nikishtukia kipindi kimerekodiwa toka jana nazima, simu yangu ina muziki bila longolongo.

mawimbi_huru: @dogo_wa_jioni umesema kweli. Na kuna la hela pia, msanii mchanga akiombwa kitu kidogo ili apigwe vijana wanajua tu, wimbo unalazimishwa. Marekani mambo hayo yalilipuka 1959, didjei maarufu Alan Freed akapoteza kazi, na 1960 sheria ikasema wimbo uliolipiwa lazima utajwe hewani kuwa umelipiwa.

sikio_wazi: Asanteni sana. Sasa prodyuza, stesheni isiyo na bajeti ianzie wapi?

prodyuza_mstaafu: Ianzie jioni, hapo vijana wametoka shule na kazini. Iweke mtangazaji mmoja mwenye rika lao, hewani laivu, mumuache akae kwenye hicho kipindi muda mrefu, msimhamishe hamishe. Kila siku nyimbo mbili tatu za wasanii wa hapohapo, zichanganywe katikati ya zile zinazojulikana ili mtu asikimbie, na msanii asitoe hata senti. Alafu mnaokata klipu za mtandaoni, kateni mazungumzo na vituko vya msikilizaji, wimbo wenyewe ataupata popote.

dogo_wa_jioni: Na namba ya kutuma voisi itajwe polepole jamani, wengine huwa tunaikosa.