Formasio ya nusu siku kabla ya kambi ya watoto: nidai nini?

MamaNyawera
Jambo kwenu wote wa Bukavu. Parokia yetu inapeleka watoto kambini likizo hii, upande wa Kabare, karibu na ziwa. Ni wa miaka 9 mpaka 14. Mimi kazi yangu ni kushona, ila nimetajwa kati ya watu wazima sita watakaowasindikiza. Jumamosi tunapewa formasio ya nusu siku, halafu kila mtu anatoka na cheti. Programu nimeiona: sala, hotuba ya nidhamu, hotuba ya huduma ya kwanza, soda. Hotuba haimtoi mtoto majini! Nikitaka waongeze mambo mawili matatu, yawe yapi? Alhamisi nina kikao na wasimamizi.

SekuristiKadutu
Mama, kabla ya maji anza na radi. Watafiti waliohesabu radi kwa setilaiti walikuta Kabare ndiyo ya kwanza Afrika, na duniani inapitwa tu na ziwa Maracaibo la Venezuela. Na ninyi mnaenda kulala huko kwenye hema! Hema halikingi radi hata kidogo, na mti ndio mbaya zaidi. Kabla watoto hawajashuka kwenye gari, jueni nyumba imara ya kukimbilia ni ipi: shule, kanisa, au basi lenyewe likibaki pale. Mkisikia ngurumo, mchezo umekwisha, wote ndani, na hakuna kutoka mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Watoto watanung'unika. Wacha wanung'unike.

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mguseni bila woga. Wakiangushwa wengi, kimbilieni kwanza yule anayeonekana amekufa: anayelia anapumua, ataweza kungoja kidogo.

Kuhusu maji, dai mazoezi ya mikono. Chukueni bidoni tupu ya lita 20, ifungeni kizibo kabisa, fungeni kamba kwenye mkono wake, kila mmoja airushe mpaka ifike anapotaka. Anayezama humkumbatia mwokoaji na kumzamisha naye, kwa hiyo bidoni itangulie, mtu abaki ufukweni. Ziwa Kivu lina kina kirefu, na mahali pengi ukiacha ufuko hatua chache tu hakuna chini. Watoto waogelee wawili wawili, kila mmoja akijua mwenzake ni nani, na mtu mzima mmoja asimame nje akitazama tu. Asipige picha, asishike simu. Kukandamiza kifua cha asiyepumua nako kufanyiwe mazoezi chini, juu ya godoro lililoviringishwa: mara 30, pumzi 2 za mdomo kwa mdomo, na kurudia. Aliyetoka majini anaanziwa na pumzi.

MuzeeBagira
Wakati wetu tulikwenda na filimbi na sufuria, tukarudi wote. Sasa nasikia eti kiongozi haruhusiwi kukaa peke yake na mtoto, hata kumsindikiza chooni usiku. Mnatuona sisi wote wabaya?

SekuristiKadutu
Hapana, Muzee, shikamoo. Mwenye nia mbaya hatafuti kambi yenye watu wakali, anatafuta ile ambayo watu wanaoneana haya. Sheria ikiwa ya wote, hata padri, hakuna anayetukanwa. Tena inakukinga wewe: likisemwa neno, kuna shahidi. Watu wazima walale hema lao. Usiku mtoto akitaka choo, aamshe mwenzake, kisha waende na watu wazima wawili. Na kila mtoto aambiwe siku ya kwanza, mbele ya wote, amwendee nani akiguswa vibaya. Watu wawili watajwe, mmoja awe mama.

WaHimbi
Mimi niko Goma. Huku tungeongeza mazuku: gesi nzito, haina rangi wala harufu, inajaa mashimoni na mabondeni karibu na ziwa, Kyeshero mpaka Sake, hasa alfajiri kabla upepo haujaanza. Mtoto anaanguka mbele ya mtu mzima kwa sababu kichwa chake kiko chini. Kisha anayeshuka kumwokoa anaanguka naye. Mkipanga kuja huku siku moja, hema zipigwe mwinuko. Na kote Kivu: chuma usichokijua kisiguswe, hata kama kinafanana na bomba la maji tu: huenda ni bomu la vita.

MuzeeBagira
Hilo la chuma nakubali kabisa. La choo bado naliwaza.

MamaNyawera
Aksanti sana, wapendwa. Nitadai hotuba ya nidhamu ikatwe, tupate saa moja na nusu ya bidoni na godoro, na sheria ya watu wawili iandikwe, kila kiongozi aisaini, padri wa kwanza. Asiyesaini hapandi basi. Muzee, karibu Jumamosi, uje urushe bidoni. Bidoni ninayo, godoro nitaomba kwa jirani. Nani ana kamba ya mita kumi na tano hivi, isiyooza?

WaHimbi
Waulize wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kamba zao ni nzuri.